Rohayu Alikuwa Macho

Kwetu jimboni Kelantan soko ni la wanawake, na Rohayu alikuwa mwanamke wa soko hasa. Aliuza samaki wakavu. Yeye ndiye aliyepanga bei, akaamua paa liezekwe lini, akawachagulia shule wanawe wawili. Mumewe, Kamaruzi, ni mtu mpole. Hata petroli ya pikipiki alimwomba mkewe. Ndiyo maana kisa hiki kinanikera mpaka leo. Katika jambo lililokuwa lake kuliko yote, hakuna aliyemuuliza.

Rohayu alitaka mtoto wa tatu, na alimwomba Mungu awe wa kike. Kitindamimba wake akaanza chekechea, mimba haikuja. Akanywa dawa za mizizi, akakandwa tumbo na mkunga. Wapi. Mwishowe akaenda hospitali kubwa ya jimbo. Baada ya vipimo, daktari wa huko alimtazama kwa mshangao.

"Dada, mirija yako ya uzazi imefungwa. Inaonekana ni siku ile ulipojifungua mara ya mwisho, kwa upasuaji. Hukuambiwa?"

"Imefungwa na nani?" Rohayu aliuliza.

Aliporudi nyumbani alimkuta Kamaruzi anakula.

"Baba Haziq, nani aliruhusu nifungwe kizazi?"

Kamaruzi alirudisha tonge la wali sahanini.

"Daktari Nordin alitoka chumba cha upasuaji akaniita. Akasema kovu lako la zamani limekuwa jembamba, mimba nyingine itakuwa na hatari. Akaniuliza, nifunge? Nikamwambia, wewe ndiye daktari."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ndani."

"Nilikuwa macho, Baba Haziq. Walinichoma sindano ya mgongo, si ya usingizi. Niko nyuma ya pazia, nauliza mbona mtoto halii. Yeye ananipita kichwani aje akuulize wewe? Na wewe mbona ulinyamaza?"

"Nilidhani atakwambia mwenyewe."

Daktari naye, ilikuja kujulikana, alidhani mume atamwambia mkewe. Basi kila mmoja akamwachia mwenzake, na mwanamke akanywa mizizi bure.

Daktari Nordin si mtu mbaya. Ana hospitali ndogo ya uzazi, na nusu ya watoto wa mji wamezaliwa humo. Kila Idi hupita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha wa makosa ya nje na ya moyoni, kama tufanyavyo sote. Idi iliyopita alifika kwa Rohayu pia. Alikula, akaomba msamaha, akapewa. Kwa hiyo Rohayu alipomfuata kazini, daktari alikuwa na jibu.

"Dada Rohayu, si tulishasameheana Idi? Tena mbele ya watu."

Mji mzima ukasema vivyo hivyo. Shangazi zake wakamwambia asifukue yaliyozikwa. Rohayu akarudi kwenye samaki wake, moyo unamchoma, akiamini kwamba amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe.

Jirani yake, Zaiton, ni wakili. Alisikia habari hizo akaja kuketi naye.

"Ulisamehe nini hasa?"

"Makosa yote. Si ndivyo tunavyosema?"

"Hili ulikuwa unalijua?"

"Ningelijuaje?"

"Basi hamkukubaliana kitu. Mkataba wa kumaliza dai unataka watu wawili wakubali jambo lile lile, kwa maana ile ile. Msamaha wa Idi ni mzuri, uache ukae na Idi. Haukuondolei haki yako."

Wakaenda wote wawili hospitalini kwa Daktari Nordin. Daktari aliwaita wauguzi wake wasikilize, na kwa hilo nampongeza.

"Lakini mume aliridhia," alisema. "Na ushauri wangu ulikuwa sahihi."

"Ushauri siupingi," alijibu Zaiton. "Ungempa mwenyewe. Mlipatana umzalishe kwa upasuaji, kwa uangalifu. Huo ndio mkataba wenu. Kufunga kizazi hakukuwamo. Na hata pasipo mkataba, sheria inakutaka umweleze mgonjwa hatari zilizopo, kisha usimguse bila ridhaa yake. Ukikiuka, umemdhuru, na utamlipa fidia."

Muuguzi Suhaila akauliza, "Na kama mgonjwa amezimia, yuko mahututi?"

"Okoeni maisha, msingoje mtu. Lakini fanyeni la kuokoa tu. Huyu alikuwa anaongea, na jambo lenyewe lingeweza kungoja."

"Kwa hiyo mume hana neno?"

"Anayo maneno mengi nyumbani kwake. Mwili si wake."

Rohayu akamgeukia daktari.

"Ungenieleza habari ya kovu, labda ningesema funga. Labda. Sasa sitajua kamwe ningesema nini."

Daktari Nordin alivua miwani. Akasema, "Nilikukosea. Nilipaswa kukuuliza wewe." Hakutaja tena Idi.

Bima ya daktari ililipa fidia bila kufika mahakamani. Safari hii yalikuwapo makubaliano ya kweli: Zaiton alimsomea Rohayu kila mstari, akamweleza, ndipo akatia sahihi.

Siku hizi katika hospitali ile mjamzito huelezwa mapema, kabla uchungu haujaanza, kisha huambiwa arudie kwa maneno yake alivyoelewa. Mama wakwe hawapendi. Mmoja alilalamika pale sokoni kwamba mwanawe amekalishwa nje kama mwavuli. Mkwewe, Norazlin, alielezwa faida na hatari za kufungwa kizazi, akafikiri, akakataa. Baadaye alizaa salama mtoto wa kike, akamwalika Rohayu kwenye shughuli ya kumkata nywele.

Rohayu alikwenda. Alimpakata mtoto, akakata nywele chache kwa mkasi, akamrudisha kwa mama yake. Wakiwa njiani kurudi, Kamaruzi alipunguza mwendo wa pikipiki.

"Mama Haziq, wetu angekuwa wa kike, tungemwita nani?"

"Kamuulize daktari," alisema Rohayu. "Mambo yangu si huwa mnayaamua nyinyi wawili?"