Alichomwambia Dada Yake

Soko lilikuwa limejaa asubuhi ile hadi watu wanapita ubavu ubavu, na bado huyu bwana alikuja na tai. Tai ya bluu, shati jeupe lililonyooshwa pasi, viatu vinang'aa, katikati ya marundo ya mitumba. Wauzaji wakamwita bosi, mkurugenzi, mheshimiwa, ilimradi tu ageuke. Yeye alikuwa anatafuta kitanda cha mtoto mchanga, na vitanda vya watoto, soko zima, viliuzwa kwenye kibanda kimoja tu.

Mwenye kibanda walimwita Bisibisi. Alivaa gauni la maua lililopauka mabegani, nywele kazifunga fundo, na bisibisi yake kaichomeka humo humo kwenye fundo. Vitanda vilimfikia vipande vipande kutoka nchi za watu. Yeye na mama yake walivisugua, wakavikaza skrubu, wakavipaka rangi upya. Vilivyotoka haraka ni vile vyenye ubavu wa kushusha. Unabonyeza kidogo, ubavu mmoja unateremka, mama anamchukua mtoto wake bila kuinama.

"Mtoto wako ana umri gani?" akamuuliza, jicho likiwa kwenye kidole cha pete.

"Hajazaliwa, na ni wa dada yangu. Mimi sina mtoto wala mke."

"Mke sijakuuliza."

"Nimekupunguzia kazi."

Bisibisi akacheka, na mimi nasema pale pale ndipo alipokwisha. Bwana akanunua chenye ubavu wa kushusha, na siku iliyofuata akarudi na kusema eti kuna skrubu imelegea. Akaulizwa ipi, hajui. Keshokutwa yake akarudi bila kisingizio chochote, kashika soda mbili baridi. Alisema anafanya kazi serikalini, mambo ya makaratasi, na msichana hakuchimba zaidi. Akambatiza Bwana Ofisi. Simu zikaanza. Umeamka, laazizi? Umekula? Mbona sauti yako leo ndogo, nani kakuudhi nije nimshtaki? Mambo ya wapendanao, ukiyasikia kwa jirani yanachosha, yakiwa yako huyachoki.

Dada mtu akampenda pia. Akaanza kumwita wifi kabla hata posa haijatajwa, na Bisibisi akikanusha, anakanusha huku anatabasamu.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Yale makaratasi ya Bwana Ofisi yalikuwa ya usalama wa bidhaa zilizokwisha tumika. Mezani kwake ilipita kanuni mpya: vitanda vyote vyenye ubavu wa kushusha vinapigwa marufuku, visiuzwe, visigawiwe hata bure. Vimezeeka, vibano vimechoka, ubavu unachomoka upande mmoja na mtoto ananasa shingo kwenye mwanya. Wote walioisoma walikula kiapo kutoitaja hadi itangazwe. Siku alipoisoma, jioni yake alikwenda kwa dada yake, akakibomoa kile kitanda kwa mikono yake, akamwambia anyamaze. Halafu akarudi kwake, akapanda kitandani akalala.

Wiki ile ile alialikwa chakula kwa kina Bisibisi. Mama alikuwa na furaha ya ajabu. Kuna mzigo mkubwa umepatikana, akasema, vitanda vyenye ubavu wa kushusha vitupu, na yeye kesho anauza cherehani yake ili wauchukue wote. Cherehani ile ndiyo iliyomlea binti yake tangu baba alipoondoka. Sasa macho yanamchoka, akasema, na binti ana mikono, acha biashara iwe ya binti. Baada ya hapo tukae tuzungumze mambo ya arusi, au vipi, mwanangu?

Bwana Ofisi akauliza kama ni lazima viwe vya ubavu wa kushusha. Bisibisi akamtania kwamba ameshaanza kujifanya fundi. Bwana akaomba maji ya kunywa, akaletewa, akayanywa yote.

Mzigo ukaja. Mama na binti wakausugua, wakaupaka rangi ya maziwa, kibanda kikapendeza hadi wapita njia wanasimama. Bwana Ofisi alipita akitoka kazini, akakaa kwenye kiti cha wateja. Mbele yake msichana akamuuzia mama mmoja mjamzito kitanda na kumwonyesha jinsi ubavu unavyoshuka. Naye alikaa tu, akamsifu rangi.

Tangazo likatoka kwenye redio asubuhi, soko likiwa linafunguliwa. Wauzaji walidhani ni utani. Bisibisi aliposikia habari ya shingo za watoto, alikaa chini palepale. Akampigia mpenzi wake, maneno hayatoki sawasawa.

"Pole, kipenzi changu," akajibiwa. "Hata mimi nimeshtuka. Tulia, nakuja."

Hakutulia. Kitu cha kwanza kilichomjia kichwani kilikuwa kile kitanda cha wifi yake, alichokikaza mwenyewe, na kichanga kilichozaliwa juzi tu kimelala humo. Alifunga kibanda nusu, akakimbia njia nzima, kiatu kimoja kikakatika mkanda akakibeba mkononi.

Alimkuta mtoto amelala salama kwenye godoro dogo, chini, pembeni ya mama yake. Akauliza kitanda kiko wapi. Dada mtu akamshangaa.

"Kile? Kaka si alishakibomoa zamani, hata sijajifungua, siku chache kabla hajaja kula kwenu. Alikuja na wasiwasi wake, akasema kuna kanuni inakuja, ni siri ya kazi, nisimwambie mtu." Halafu akamtazama vizuri, sauti ikashuka. "Wifi, mimi nilijua wewe unajua. Kama mimi kaniambia, wewe angekuachaje?"

Bisibisi alikuwa anapiga hesabu ya nini kilitangulia nini. Kitanda kilibomolewa kwanza. Cherehani ikauzwa baadaye. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na chakula, na bilauri ya maji. Alimbusu mtoto kwenye paji la uso, akaaga vizuri, akatoka na kiatu chake mkononi.

Simu za Bwana Ofisi hakuzipokea. Siku zilizofuata alizunguka mitaa kutafuta kila aliyemuuzia. Wengine walimrudishia wakimshukuru. Mmoja alimtukana mlangoni, na mwingine akagoma kabisa, akisema mtoto wake ameshakizoea, na akalazimika kumbembeleza hadi akakubali. Yule mjamzito alimpata, kitanda kikiwa bado kitupu, na hapo ndipo alipopumua kwa mara ya kwanza. Vyote akavirundika uani kwao, akashika msumeno. Mama alikuwa ndani, anajua vitanda vimezuiwa na hajui lingine.

Bwana Ofisi alimkuta hapo. Safari hii hakuvaa tai.

"Nilikula kiapo," akasema. "Ingevuja, wenye maghala wangevimwaga vyote mitaani kabla ya tangazo. Watoto wengi wangeumia."

"Kwa dada yako kiapo kilikuwa wapi?"

"Yule ni damu yangu."

"Na wale niliowauzia nawe umekaa kwenye kiti changu, damu ya nani?"

Bwana akasema yanayomtoka mwanamume yeyote aliyebanwa: ataacha kazi, atauza pikipiki, atairudisha cherehani, na anataka kumwoa, hata kesho, hata hivi alivyo. Alikuwa analia, na machozi yale, sitamsingizia, yalikuwa ya kweli. Msichana naye alikuwa bado anampenda. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Aliweka msumeno chini.

"Nikuulize kitu kimoja, na leo usinidanganye. Ile jioni unakibomoa kile kitanda, uliniwaza?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Angesema ndiyo, nina hakika, mambo yangekuwa mengine, kwa sababu msichana alikuwa anaomba moyoni asikie hiyo hiyo.

"Hapana," akasema. "Nilimwaza mtoto tu. Wewe nilikukumbuka mama alipotaja cherehani, na nikaona nimeshachelewa, nitajielezaje."

"Hukuchelewa. Cherehani ilikuwa bado ipo, nyuma ya kiti chako pale. Ungenyoosha mkono ungeigusa."

Bwana akajifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Asante kwa kuniambia kweli," Bisibisi akasema, kwa upole kabisa. "Sasa nenda. Msalimie dada, mwambie mtoto nitakuja kumwona. Wewe usije."

Bwana alisimama kidogo, akaona hatazamwi tena, akatoka. Msichana alikata ubavu mmoja, akakata wa pili, wa tatu ukamshinda kwa sababu haoni. Mama alitoka na kanga begani akamkuta analia juu ya mbao. Akamkumbatia, akamwambia usilie mwanangu, ni vitanda tu, vitapatikana vingine.

"Ndiyo, mama," akaitikia. "Vitapatikana."