Wa Mwisho Kuwasha

"Hivi pasi moja ya dobi inaweza kuwaweka gizani watu wa nyumba nzima?"

Jirani wa chumba cha mwisho aliwahi kuuliza hivyo, amesimama katikati ya ua. Hakuuliza ili ajibiwe. Aliuliza ili wote wasikie.

Jirani huyo walimwita Bi Mvuke, kwa sababu chumbani kwake maji ya kuoga yalichemka tangu alfajiri. Dobi naye alikuwa mjane. Alipiga pasi nguo za watu ili binti yake, waliyemwita Kijiti kwa wembamba wake, amalize darasa la saba. Kila siku alianza kwa dua, kisha akalowesha kidole na kuigusa pasi. Ikilia "chwii", alitandika shati la kwanza.

Vyumba vyote vilitegemea laini moja ya umeme na fyuzi moja. Fyuzi ikiungua, wapangaji waliuliza jambo moja tu: nani amewasha mwisho? Huyo ndiye mkosaji. Na kwa kuwa hita ya Bi Mvuke ilikuwa imeshazama ndooni mapema, wa mwisho kuwasha alikuwa dobi kila mara.

Basi mchana mmoja Kijiti akarudi kutoka shule, akakuta pasi ya mama yake imewekwa chini nje ya mlango, kama kiatu kibovu. Damu ikamchemka.

"Nani ameitoa?"

"Mimi," alijibu mzee mwenye nyumba. "Wapangaji wamechoka, mjukuu wangu. Kuanzia leo hapa hapapigwi pasi ya umeme."

"Sasa mama yangu atatulisha nini, babu?"

"Afue tu!" Bi Mvuke alidakia. "Jua lipo, halina fyuzi."

"Kwani nguo zikikauka zinajinyoosha zenyewe?" Kijiti alifoka. "Mkosaji ni wewe na hita yako! Unachemsha maji utadhani unanyonyoa kuku!"

"Msikieni huyu, mtoto wa juzi! Una ushahidi?"

Kijiti hakuwa nao. Mama yake alimshika bega. "Hasira bila ushahidi ni kelele, mwanangu. Nyamaza, au ulete ushahidi."

Fundi umeme alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuweka fyuzi mpya. "Hii ni ya ampea kumi na tano, kama ile iliyoungua," alisema, huku akikusanya vifaa vyake kwa hasira.

"Shikamoo, fundi," Kijiti alisema. "Naomba upime mkondo wa pasi, halafu wa hita. Moja moja."

"Marahaba. Vileteni! Nimechoka kuitwa hapa kila siku kama mkunga."

Fundi alipima. Kijiti alitoa chaki kwenye mkoba, akapiga magoti, akaandika sakafuni kwa herufi kubwa. Volti za nyumba ni 240.

Pasi: ampea 6. Ukinzani, 240 ÷ 6 = omu 40. Nguvu, 240 × 6 = wati 1440.

Hita: ampea 12. Ukinzani, 240 ÷ 12 = omu 20. Nguvu, 240 × 12 = wati 2880.

Bi Mvuke aliangua kicheko. "Arobaini na ishirini, ipi kubwa? Kaandika mwenyewe! Hita yangu ndiyo ndogo!"

"Huo ni ukinzani, shangazi. Ni kizuizi. Mlango ukifunguliwa kidogo, wanapita watu wachache. Ukiachwa wazi, wanamiminika. Hita yako inazuia kidogo, ndiyo maana mkondo wake ni mara mbili ya ule wa pasi. Na nguvu yake ni mara mbili vilevile."

Ua ukalipuka. "Kumbe!" "Mwenzetu anachemsha bahari!"

Mzee alikuna kichwa. "Basi hita ndiyo itoke."

Kijiti alisimama, akafuta mikono. Roho yake ilikuwa kwatu.

"Hujamaliza," mama yake alisema. "Fyuzi inabeba ampea ngapi?"

Kijiti aliangalia pembeni.

"Nakuuliza wewe."

"Kumi na tano."

"Hita ina kumi na mbili. Ikiwaka peke yake, fyuzi inaungua?"

"Mama! Wamekutupia pasi yako nje!"

"Nimekuuliza hesabu. Sikukuuliza nilivyofanyiwa."

Machozi ya hasira yalimlenga Kijiti. "Haiungui," alisema kwa taabu. "Wala pasi peke yake haiiunguzi. Vikiwaka pamoja ni ampea kumi na nane. Hapo ndipo inaungua."

"Ulilijua hilo ukakaa kimya. Walitaka kunitoa mimi kwa nusu ya ukweli, na wewe ukataka kumtoa jirani kwa nusu nyingine. Tofauti yenu iko wapi? Hasira inajua kutoa tu, haijui kujumlisha. Na mbele ya Mungu hakuna hesabu ya nusu."

"Tena asitokee mtu wa kuniambia niweke fyuzi kubwa," fundi aliongeza kwa ukali. "Nyaya zenu hazitahimili. Zitawaka ukutani nanyi mmelala."

Mzee mwenye nyumba aliinama, akaiokota pasi kwa mikono miwili, akairudisha mezani kwa dobi. "Nimehukumu kwa kumtazama wa mwisho kuwasha. Nimekosa, mama. Hita iwashwe asubuhi na jioni. Katikati ya hapo ni zamu ya pasi. Visiwake pamoja."

"Kijiti," mama yake alisema, "lile neno la kuku."

Kijiti aliuma midomo. "Nisamehe, shangazi. Nilikukosea adabu."

Watu wote walimgeukia Bi Mvuke. Alizitazama namba za chaki sakafuni, akamtazama dobi. Aliichukua hita yake mkononi mwa fundi, akapita katikati yao, akarudi nayo chumbani kwake.