Aliye Chini ya Jiko la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinikuta jikoni kwake nimelala kifudifudi, sikio limeganda sakafuni, makalio yanatazama dari, na kaptula niliyovaa mshono wake wa nyuma ulikuwa umeshaiaga dunia. Nimezunguka nchi nyingi, nimefukuzwa na mbwa wa kila namna, lakini aibu ya vile sikuwahi kuionja.

"Mkwe," akasema, akiugeukia ukuta kwa heshima, "umedondosha nini?"

"Sijadondosha kitu, mama. Napima."

"Kwa sikio?"

Ukweli ni kwamba darubini ilikuwa imenishinda. Kazi yangu ni kupima ardhi iliyo juu ya mgodi wa makaa ya mawe. Huko chini wamechimba na kuacha mapango, na ardhi ya juu inabonyea polepole kama godoro la gesti. Kwa hiyo tumepigilia misumari ya chuma mitaani na majumbani, nami napita na darubini yangu ya miguu mitatu kuangalia upi umeshuka. Vipimo vyote huanzia kwenye nguzo ya zege iliyo langoni mwa kampuni. Tunaiita Nguzo Mama, na kazini sheria ni moja: Nguzo Mama haisogei.

Nyumba ya mama mkwe, ambamo mimi na mke wangu tumehifadhiwa kwa hisani yake, ina msumari mmoja kizingitini mwa jiko. Msumari huo ulikuwa unapanda. Kila nikirudia, umepanda. Ardhi iliyotobolewa chini haipandi, jamani. Ni sawa na kuchomoa tofali ukaona ukuta umerefuka.

Ndiyo maana niliweka sikio. Na chini ya saruji nikasikia mtu anahema. Hmmh. Kimya. Hmmh. Kama kuli anayehamisha gunia kutoka bega hili kwenda lile.

"Mama, unasikia?" nikanong'ona.

"Tangu mvua zilipoanza," akanong'ona naye. "Nilidhani ni wewe unakoroma."

Nikamwendea bosi, nikamwomba tuikague Nguzo Mama yenyewe. Akacheka mpaka akakohoa. "Kakague miwani yako kwanza."

Nikabeba darubini peke yangu hadi kwenye kilima cha mwamba nje ya mji, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuchimba, nikaanza kupima upya kutoka huko. Nguzo Mama ilikuwa imeshuka. Lango limeshuka nayo, soko limeshuka, shule imeshuka, na sisi wote tumeshuka na ardhi tukitembea juu yake tukisalimiana. Jiko la mama mkwe halikuwa limepanda hata kidogo. Ndilo pekee lililobaki pale lilipokuwa.

Bosi aliposikia hakucheka tena. Alifunga dirisha, akasema, "Umechoka. Kapumzike."

Nilirudi nyumbani saa za mchana, jua linawaka, redio ya jirani inaimba, nikidhani mwanga ungenipa moyo, lakini nilipovuka kizingiti harufu ilinipokea, ya makaa mabichi na jasho la mwanamume aliyefanya kazi bila kulala, wakati jiko halina moto na mwanamume wa nyumba ile ni mimi, na mke wangu alikuwa amesimama katikati ya sakafu, ameinama, bega moja limeshuka kana kwamba amebebeshwa kitu nisichokiona, akihema kwa mpigo uleule niliousikia chini ya saruji, hmmh, hmmh, na nilipomwita kwa jina letu la chumbani hakugeuka.

Mama mkwe alikuwa ameshamwita mganga, mtu mnene mwenye mwavuli, mcheshi kunizidi. Ucheshi ulimwisha mlangoni. Alifukiza, akasoma alichosoma, akasema, "Wewe uliyeingia, mwache binti wa watu, utoke."

Mke wangu akafungua kinywa. Sauti ilikuwa nzito, ya kiume, ya adabu, imechoka.

"Mimi sikuingia. Kwangu ni hapa chini. Mlikuja mkachimba kuta zangu mkazichoma, mkaniachia dari. Dari yangu ndiyo sakafu yenu. Naishika isiniangukie. Mniambie nitoke, nitatoka."

Mganga akanitazama. Mama mkwe akanitazama.

"Usitoke," nikasema. Fikirini: nilimbembeleza jini abaki na mke wangu. "Nakuomba. Ila huyu umemshikia nini?"

"Bega limeniuma. Ananisaidia kidogo."

Mama mkwe alipiga magoti, akamshika mwanawe miguu. "Tutahama, bwana wee. Leo hii. Tutakwenda kwa dada yangu, mtaa wa pili. Mwachie tu."

"Nendeni," ikasema sauti.

Nikamwangalia mke wangu, jasho linamdondoka kidevuni, nikakumbuka soko, shule, na watoto wakitoka darasani wakikimbia.

"Na mtaa wa pili," nikauliza, "anashika nani?"

"Hakuna mtu."