Mikono Iliyosuka Yenyewe

Kilichomtisha Nasambu kwanza ni nywele. Alikuwa akimsuka Atieno, mteja wake wa siku nyingi, katika saluni yake ndogo ya Manyatta, Kisumu. Alikumbuka kuanza mstari juu ya sikio. Alipozinduka, upande mzima ulikuwa umesukwa, mistari imejipinda kama mizizi ya magugu ya ziwani, na vidole vyake bado vilikuwa vinasuka.

"Macho yako yalikuwa yamefungwa," Atieno alinong'ona. "Nimekuongelesha, hukujibu." Akafunga kitambaa kichwani, akaondoka. Hakurudi tena.

Kisha ikawa zamu ya kicheko. Mumewe, Opondo, alikuwa anasimulia habari za mbuzi aliyeingia kanisani Ahero. Nasambu akacheka, magoti yakalegea, akaanguka kando ya jiko la makaa. Alisikia kila neno, lakini hakuweza kuinua hata kidole. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuchekesha mtu nyumbani mwao.

Lililomtisha zaidi lilikuja mchana, jua likiwaka, akiwa amejilaza kwenye benchi la saluni. Kwanza harufu ya tope la ziwa. Kisha nyayo zenye maji, chwap, chwap, juu ya saruji kavu. Kisha mzee mrefu asiye na uso akainama kupita mlangoni, akaja taratibu akamkalia kifuani, na Nasambu, macho wazi, akiwasikia watu wakipita nje na redio ya jirani ikiimba, akataka kupiga kelele ulimi ukakataa, akataka kusogeza mkono mkono ukakataa, mpaka pumzi ikawa nyembamba kama uzi na yule mzee akamwinamia sikioni, bila mdomo, akamwita kwa jina la utotoni.

Mama mkwe wake, Dorca, akafika kutoka Katito.

"Nyar Webuye," alimwambia kwa sauti ya chini, yaani binti wa Webuye, kwa maana huko ndiko alikotoka mke wa mwanawe, "hilo ni jini. Limekuoa."

Alikuwa amekuja na Nabii Fabian, mfukuza mapepo. Wakamshusha Nasambu ziwani, maji yakamfika kifuani. Fabian alipompigia kelele, "Toka!", hofu ilimshika Nasambu na mwili wote ukalegea. Akazama. Aliyaona maji ya kijani yakijifunga juu yake, asiweze hata kufumba mdomo.

"Mwacheni! Linatoka!" Fabian alipaza sauti.

Opondo, aliyekuwa akitazama ufukoni, hakumngoja. Alijitosa, akamtoa.

Nasambu alitapika maji mchangani, kisha akasema, "Sitazamishwa tena. Kama ni jini, nitalitafutia jina mimi mwenyewe."

Alizunguka. Kliniki moja ilimpa dawa ya malaria, nyingine ikamwambia apumzike. Hatimaye, katika hospitali kubwa, daktari wa ubongo aliyeitwa Nabututu alimlaza usiku kucha na nyaya kichwani, kesho yake akampima tena usingizi wa mchana.

"Ugonjwa wako unaitwa narkolepsi," daktari alisema. "Ubongo wako haulindi vizuri mpaka kati ya kulala na kuwa macho. Ndoto inavuka, inakukuta macho wazi huku mwili umelala. Na ukicheka au ukishtuka, misuli inalegea vilevile."

"Kwa hiyo yule mzee atanitoka?"

"Ugonjwa wenyewe hauponi, mama. Lakini dawa itakusaidia, na utasuka."

Nasambu akaanza kumeza kidonge kila asubuhi na kulala mapema usiku. Kukaanga samaki akamwachia Opondo. Akitaka kucheka, anakaa kwanza, halafu anacheka mpaka basi. Mlangoni akabandika karatasi: NALALA KIDOGO SAA SITA NA SAA TISA. SI ULEVI, SI PEPO. NISUBIRI.

Adhuhuri moja Dorca na Fabian waliingia na chupa ya mafuta.

"Vidonge vinalificha tu," alisema Fabian.

"Karibuni, kaeni. Saa yangu imefika." Nasambu akatega kengele ya simu, akajilaza mbele yao.

Walimwona amelala, kisha macho yakafunguka, yakaganda yakitazama kitu ambacho wao hawakukiona, kifua kikipanda kwa shida, na Fabian akaanza kuomba kwa sauti iliyozidi kufifia kadiri macho yale yalivyohama, polepole, kutoka mlangoni mpaka usawa wake yeye, yakatulia hapo.

Simu ikalia. Nasambu akaketi, akajifuta jasho.

"Alikuja?" Dorca aliuliza.

"Alikuja."

"Alikuwa wapi?"

"Hapo alipo Nabii. Alikuwa amempakata."

Fabian aliruka, kiti kikaanguka, akatoka bila kuaga wala kuchukua mafuta yake. Dorca alibaki ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

"Na sasa ameenda?"

"Ameenda, Mama. Kesho atarudi."

"Na wewe je?"

Nasambu alichukua kitana, akamwashiria mteja aliyekuwa anasubiri nje.

"Nami nitakuwepo."