Kila Nyumba Ndoo Moja

Siku walipoifukia ile chemchemi, mtaa mzima ulichangamka kama una harusi. Yenyewe ilikuwa kidimbwi tu nyuma ya nyumba, hakizidi kitanda cha watu wawili, kina matete kidogo na vyura wengi. Na vyura wale walikuwa na midomo! Jua likizama hapakaliki. Fundi mwashi, mtu asiyekosa neno, ndiye aliyeleta wazo: kila nyumba itoe ndoo moja ya kifusi, yeye amalizie kwa saruji, watu wapate pa kuegesha magari.

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema. "Wala hakuna atakayesema ni fulani."

Mshonaji alikuwa wa mwisho kwenye foleni, na ndoo yake ya vigae vilivyovunjika. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, binti wa miaka mitano ambaye watu walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo. Siku hiyo Chiriku alimshika mama yake gauni.

"Mama, wamo ndani."

"Watatoka, mwanangu. Si wana miguu?"

Watu wakacheka. Mshonaji naye akacheka, akamwaga.

Wiki ya kwanza walilala usingizi wa pono. Kisha Chiriku akaanza kupunguza maneno. Mchana mmoja mama yake alikuwa anapinda suruali ya mteja, akamwona amelala kifudifudi, sikio sakafuni.

"Haya, wanasemaje?" akamtania.

"Wanasema niwafungulie," mtoto akanong'ona.

Alipomwinua, viganja vyake vilikuwa vimelowa. Sakafu ilikuwa kavu.

Tangu siku hiyo Chiriku akawa anaamka nywele zinachuruzika maji. Kucha zina tope. Zahanati walimpima, wakasema hana ugonjwa. Waliporudi nyumbani akakohoa. Yakatoka maji. Yalikuwa baridi, na ndani yake mlikuwa na kipande cha jani la tete.

Mshonaji alipita mlango kwa mlango akiomba wakafukue. Kinyozi hata mkasi hakuuweka chini.

"Dada yangu, mimi nilimwaga ndoo moja tu. Ndoo moja itamdhuru nani?"

Kila mlango ulimjibu hivyo hivyo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata yeye alikuwa akijiambia maneno yayo hayo tangu kikohozi kianze. Mwashi alikuwa na lake.

"Mimi niliweka saruji juu. Kifusi ni chenu. Na maji yakimwagika hayazoleki."

Basi akamlaza mtoto, akaazima mtaimbo, akaenda kuipasua saruji peke yake. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Watu walisimama milangoni wamekunja mikono. Viganja vikamchubuka, damu ikatoka, hakuna aliyesogea. Hatimaye saruji ikaachia. Akatoa vigae vyake, kimoja kimoja, mpaka ndoo ikajaa. Chini yake kulikuwa na kifusi cha wenzake.

Akainama kwenye kile kishimo. Akasikia sauti.

Haikuwa ya chura. Ilikuwa ya kikohozi.

Alikijua kikohozi kile.

Akakimbia. Chiriku alikuwa pale pale kitandani, midomo imekuwa ya buluu, macho wazi. Mama alipomgeuza, maji yakamtoka mdomoni na puani, mengi kuliko yanayoweza kukaa ndani ya mtoto. Alikuwa amekufa maji. Shuka aliyolalia haikuwa na hata tone.

Walipotoka kumzika, bila mtu kuitwa, kinyozi alitangulia kufika kwenye kile kishimo na ndoo yake. Wakafuata wengine. Mwashi alikuja na nyundo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno. Jioni maji yakachomoza, safi, kimya kabisa. Mshonaji alikuwa ameketi ukingoni.

"Ndoo ni zile zile," akasema taratibu. "Kwa nini hamkuja nazo juzi?"

Watu waliangalia miguu yao.

Siku hizi matete yameota tena. Vyura wamerudi, wanapiga kelele kuliko zamani, na hakuna anayenung'unika. Mshonaji bado anashona, ingawa nguo za watoto hazipokei. Ndoo yake ameifudikiza chini ya meza ya cherehani, na kila asubuhi anaikuta imesimama, imejaa maji pomoni. Paa halivuji. Mlango hufungwa kwa ndani. Naye haimwagi mpaka aingize mkono kwanza, akae nao humo kitambo.

Kinyozi alipopeleka koti lake kushonwa aliiona ile ndoo, akachovya kidole. Alitoka bila kuaga. Baadaye alimnong'oneza mkewe kwamba alitarajia maji ya baridi, lakini yale yalikuwa na uvuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto.