Zege Lililonyimwa Maji

Kila nikitoka shule, kabla hata sijavua viatu, bibi aliniita kutoka chumbani: "Wee, zege umelimwagilia?" Hakuna pole na masomo, hakuna umekula. Lo! Nilikasirika hadi masikio yakapata moto.

Bibi alivunjika nyonga, na kwa miezi miwili hakuweza kuvuka kizingiti chetu kirefu bila kubebwa. Mama, ambaye ni fundi uashi, akamjengea ngazi mbili pana za zege nje ya mlango, akazifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Kisha akaniambia, "Magunia yasikauke. Mwagilia asubuhi na mchana ukirudi, siku saba. Zege likikauka haraka halishiki."

Siku ya tatu nikaona huu ni upuuzi. Nililikanyaga zege, nikalirukia, likatulia tuli. Nani aliona jiwe likinywa maji? Nikatupa ndoo, nikaenda kuruka kamba. Tangu hapo, kila jioni mama alipokaribia kurudi, nilikuwa nalowesha magunia juu juu tu.

"Umemwagilia?"

"Nimemwagilia, mama." Wala sikupepesa macho.

Siku ya tisa bibi alishika mkongojo wake, akakanyaga ngazi ya juu huku akicheka. Ukingo ukamomonyoka chini ya mguu wake. Mama alimdaka kwapani, akamrudisha ndani.

"Nipelekeni kitandani," bibi alisema. "Sitoki tena."

Mama aliokota kipande cha zege, kikapukutika mkononi. "Saruji mbovu! Yule mzee wa dukani kaniuzia vumbi! Leo atanitambua!" Akatoka mbio, nami nyuma yake.

Alimfokea muuza saruji mbele ya wateja. "Ungeniulia mama yangu!" Mzee yule, ambaye siku zote huniita fundi mdogo, alijaribu kujieleza, asisikilizwe. Mteja mmoja akauacha mfuko aliokuwa ameushika, akaondoka. Mzee akabaki anautazama, midomo ikimcheza.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Nilimwagilia siku mbili tu. Zilizobaki nilikudanganya."

Mama aligeuka, akanitazama. Heri angefoka. Akamwomba mzee radhi mbele ya wote, kisha akaniambia huku ameuma meno, "Mkimbilie yule mteja. Mwambie ulichoniambia."

Nilimkimbilia, nikamwambia, naye akarudi dukani akitikisa kichwa. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nyumbani nilipewa nyundo. Nikabomoa, nikakoroga mchanga, kokoto na saruji hadi viganja vikatoka malengelenge. Bibi, kwa hasira aliposikia kisa chote, alidai kiti chake kiwekwe mlangoni anisimamie. "Pale bado pakavu! Koroga!" Nilinuna, lakini safari hii nilijinunia mwenyewe.

Siku saba nilimwagilia. Mama hakuniuliza hata mara moja. Kila jioni aliinua gunia, akapapasa zege kwa kiganja, akaingia ndani. Hilo liliniuma kuliko malengelenge.

Siku ya nane bibi alinyoosha mkongojo. "Ruka wewe kwanza!" Nikaruka mara tatu. Ngazi haikutikisika. Naye akashuka, mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka juani.

Mama akanishika bega. "Ngazi imeshika kwa sababu uliihudumia kila siku. Neno lako nalo ulilivunja, na utalijenga hivyo hivyo. Mimi nitaacha kukagua kazi yako siku nitakapokuamini."

"Na mimi bado nimekasirika!" bibi akapaza sauti kutoka uani. "Haya, leta kiti!"