Mto wa Mkoromaji

Mkoromo ulitoka chumbani saa tisa alasiri, mzito, wa mtu aliyelala chali. Mke wa fundi magodoro, aliyekuwa kibarazani akikunja shuka, aliusikia akaendelea kukunja. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa alikuwa ameuzoea mkoromo wa mumewe kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Shuka ya tatu ndiyo iliyomponyoka mikononi, kwa sababu mumewe alikuwa uani, mbele ya macho yake, anaosha miguu.

"Nani yuko chumbani?" aliuliza.

"Nani atakuwa? Mama yuko kwake," alijibu fundi.

Mkoromo ulikatika. Ikafuata sauti ya koo linalomeza kitu kinene.

Wiki tatu kabla ya hapo jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Fundi alikoroma, mkewe akalalamika, na mama mkwe, aliyetengwa nao kwa ukuta mmoja tu, akasema marehemu mumewe alikoroma hivyohivyo mpaka paka akahama nyumba. Mke alijaribu kila alichoambiwa. Alimlaza ubavu. Alipoona anajigeuza usingizini, alichukua sindano ndefu ya karakana na uzi wa magodoro, akamshonea mpira mdogo mgongoni mwa fulana. Alimpa chakula mapema, akamfukiza kwa mvuke, akamsafisha pua kwa maji ya chumvi. Mkoromo ulipungua siku mbili, ukarudi. Mwishowe alihamishia shuka zake kwa mama mkwe, na fundi akaona haya. Jioni ileile alirudi na mto mpya, mnene, uliojazwa sufi nyeupe mpaka mshono ukakaza.

"Kichwa kikiinuka koo linafunguka," alisema. "Rudi chumbani, mke wangu. Nipe wiki moja tu."

Alirudi, na kwa siku tatu fundi alilala kimya kama gogo. Habari ikatembea mtaani. Majirani wakaja karakana kuagiza mto wa mkoromaji, mmoja akimtafutia mumewe, mwingine mama yake. Fundi alijaza mito sita. Mkewe ndiye aliyeishona midomo, kwa mkono wake, kama alivyoshona kazi zote za karakana ile.

Siku ya nne mkoromo ulirudi, lakini haukuwa ule anaoujua. Wa mumewe ulikuwa mkavu, wa msumeno. Huu ulikuwa na maji ndani, ulikokota makohozi kutoka mbali, ukayageuza, ukayameza. Asubuhi foronya ilikutwa na doa la manjano lenye utelezi. Mke alilifua, na kesho yake likawa pana zaidi. Fundi alianza kukohoa, midomo yake ikapauka, na akipanda ngazi mbili za kibaraza alishika ukuta.

Ndiyo maana alasiri ile waliingia chumbani wote wawili, yeye mbele, mumewe nyuma na miguu yenye maji. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Hapakuwa na mtu. Mto ulikuwa mahali pake, na katikati yake palikuwa panapanda na kushuka, polepole. Mke aliugusa kwa vidole viwili. Ulikuwa na joto na unyevu wa ndani ya shavu.

Mama mkwe alikuja mpaka mlangoni, akanusa, akaziba pua kwa upindo wa kanga.

"Hii ni harufu ya mdomo wa mgonjwa," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, lile godoro uliloletewa karakana, la yule mteja mzee aliyefariki, ulilichoma?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika familia ile, tangu enzi za babu wa fundi, godoro alilofia mtu halikuingizwa ndani wala halikufumuliwa. Lilichomwa nyuma ya karakana siku ileile, lilivyo, na aliyelichoma alioga kabla ya kushika kazi nyingine.

"Nililichoma, Mama," fundi alijibu, macho yake yakiwa sakafuni.

Waliutupa mto nje, kwenye kibanda cha kuni, wakafunga mlango. Usiku, mke alizinduka kwa sababu ya harufu. Mto ulikuwa umerudi kitandani, chini ya kichwa cha mumewe, na mkoromo ulikuwa ukivuma kwa nguvu, lakini kifua cha mumewe hakikuinuka hata kidogo, na kila mkoromo ulipovuta, mashavu yake yalibonyea kama ya mtu anayenyonywa kutoka ndani, na mke akamshika mabega akamvuta, akahisi mto nao unamvuta upande wa pili, akavuta tena mpaka shavu likabanduka kwa sauti ya kitu kinachotoka matopeni, likiacha nyuzi za kamasi nene, za uvuguvugu, zilizonyooka toka sikioni mwa mumewe hadi kwenye foronya zikakataa kukatika, mpaka akazikata kwa meno, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imemshikilia yeye.

Fundi alivuta pumzi. Mke alitapika pembeni ya kitanda. Ladha ile, alisema baadaye, haikumtoka mdomoni kwa maisha yake yote.

Hapo ndipo fundi aliposema ukweli. Godoro la yule mzee lilikuwa limeoza juu tu. Chini sufi ilikuwa safi, nyepesi, ya zamani, ambayo siku hizi haipatikani. Alichoma gamba. Sufi aliianika.

Mganga aliyeletwa asubuhi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, hakuwa na maneno mengi. Aliomba mkasi, beseni na mafuta ya taa. Akamkalisha fundi uani, mto mapajani.

"Nani alikuita?" aliuuliza mto.

Mdomo wa fundi ulifunguka, na sauti ya koo lililojaa ikasema, "Nilitandikiwa."

Mganga aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilotegemea. Alisema jini hili lilikalia kifua cha yule mzee miaka mingi, na likinyimwa kitanda huondoka. Likipewa kipya hujiona mgeni aliyekaribishwa. Akachana mshono. Sufi haikuwa nyeupe tena. Ilitoka imeshikana, ya kijivu, inachuruzika, ina mvi ndefu ndani yake, na katikati ya donge hilo palining'inia kinyama chekundu, laini, kama kimio cha kooni, kikitikisika kila hewa ilipopita. Mama mkwe alisogea ukutani, akageuza uso.

"Sufi yote imo humu?" mganga aliuliza, kiberiti mkononi. "Nikiacha hata konzi moja, kazi yangu ni bure."

"Yote," alisema fundi.

Donge liliungua kwa kukohoa. Tangu siku hiyo fundi alilala vizuri, akarudiwa na rangi ya midomo, na mkoromo wake mkavu ukarudi. Mkewe aliusikiliza kwa shukrani, akamshonea tena mpira kwenye fulana.

Siku ya tisa, mwalimu wa jirani alipita karakana, amechoka, macho mekundu. Alisema ule mto waliomnunulia mama yake uliwafaa siku tatu tu. Sasa bibi yule anakoroma hata akiwa amekaa anakunywa chai.

"Nyinyi mlifanyaje?" aliuliza. "Maana naona fundi mwenyewe amepona."

Sindano ilisimama mkononi mwa mke. Alimtazama mumewe, akasubiri. Fundi alitazama sakafu, kama siku ile alipomjibu mama yake.

"Mlaze ubavu," alisema. "Na maji ya chumvi puani."

Mwalimu alishukuru, akaondoka. Mke aliinuka. Alichukua mkasi, akachukua chupa ya mafuta ya taa, akatoka, na mumewe akamwita kwa sauti ya kubembeleza, arudi, watu watasema nini. Ilikuwa saa tisa, jua kali, madirisha ya mtaa yote wazi. Kutoka nyumba ya mwalimu ulitoka mkoromo wenye maji. Wa nyumba ya pili ukauitikia, halafu wa ng'ambo ya barabara, na mito yote sita aliyoishona kwa mkono wake ikavuta pumzi pamoja, ikameza pamoja.